Bwawa na Ufuo: Shajara ya Kuhesabu Ndege wa Maji Majira ya Baridi

Novemba 2

Mradi unaanza leo na swali lake ni moja: bwawa la bustani ya mji likiganda, ndege wake huenda wapi? Ukiwauliza wanaopita pale kila siku watakwambia wameenda baharini. Huenda ni kweli. Mimi nataka kuliona jambo hilo kwa tarakimu, katika daftari langu mwenyewe.

Nimechagua sehemu mbili. Ya kwanza ni bwawa lenyewe, lina kisiwa kidogo katikati na njia ya kulizunguka. Ya pili ni kipande cha ufuo kilicho umbali wa kilomita 9, kuanzia gati la zamani hadi mlango wa mto. Nitahesabu zote mbili siku moja, kila baada ya siku 14, hadi Machi 22. Njia iwe ileile, nianze upande uleule, na nisimame palepale. Ndege nisiyemwona aandikwe sifuri, asiachwe tupu. Hilo la sifuri nimelipigia mstari mara mbili, kwa sababu mwaka jana niliandika niliowaona tu, na mwisho wa msimu sikuweza kujua kama ndege hakuwepo au mimi ndiye niliyesahau kumtafuta.

Vifaa: darubini ya mkononi ya 8x42, yaani inavuta mara 8 na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 42, upana unaokusanya mwanga wa kutosha asubuhi zenye mawingu. Darubini ndefu ya jicho moja, ya kuvuta mara 20 hadi 60, juu ya miguu mitatu. Kaunta mbili za kubonyeza. Penseli, maana wino huganda.

Majina ndiyo yaliyonichukua jioni nzima. Kiswahili kina batamaji kwa yule mkubwa mweupe mwenye shingo ndefu, kina bata bukini, kukuziwa (huyu wangu ni mweusi mwenye paji jeupe), kibisi, mpiga mbizi mdogo, na mnandi, mvuvi mweusi wa samaki. Lakini bata wengi wa kaskazini hawana jina ambalo kila msomaji atalitambua mara moja. Nimeamua kuwaita kwa alama inayoonekana, na kuandika jina la kisayansi mara moja tu hapa: bata kichwa-kijani (Anas platyrhynchos), bata kijivu (Mareca strepera), bata sepetu (Spatula clypeata), bata mkia-sindano (Anas acuta), bata kishungi (Aythya fuligula), bata kichwa-chekundu (Aythya ferina), bata jicho-dhahabu (Bucephala clangula). Wa baharini: eida (Somateria mollissima) na bata mkia-mrefu (Clangula hyemalis). Sepetu na mkia-sindano ni wasafiri wa mbali kweli. Baadhi yao hufika hadi maziwa ya Bonde la Ufa, kwa hiyo msomaji aliyeko Naivasha anaweza kumwona bata wa aina hiyohiyo katika miezi hiihii.

Novemba 16

Hesabu ya kwanza. Bwawani: kichwa-kijani 86, kukuziwa 47, kishungi 23, kichwa-chekundu 9, kijivu 8, batamaji 4, kibisi 2, jicho-dhahabu 0.

Kichwa-kijani ni rahisi. Wanaelea juu, wanainamisha kichwa na kuacha mkia hewani, hawapotei. Wapiga mbizi ndio wanaotesa. Kishungi akizama hukaa chini sekunde kumi na kitu hadi ishirini, akaibukia upande mwingine, na wakati huo wenzake wanne wameshazama. Nilihesabu mara tatu: 17, 23, 19. Nimeandika 23. Kwa ndege wanaozama, hesabu kubwa ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli, kwa kuwa ni vigumu kumhesabu aliye chini ya maji, na mtu akienda taratibu kwa mwelekeo mmoja hatamhesabu ndege yuleyule mara mbili kwa urahisi.

Nilisimama dakika 20 nisizozipanga nikiwatazama bata kijivu. Wao hawazami kutafuta chakula, lakini majani matamu yako chini. Basi kila mmoja anamfuata kukuziwa wake. Kukuziwa anazama, anaibuka na fundo la majani mdomoni, na bata kijivu yuko hapo kulichomoa. Kukuziwa hakupigana hata mara moja. Alizama tena. Kumbe ndiyo sababu wale 8 walikuwa wametawanyika katikati ya kukuziwa badala ya kukaa pamoja. Sasa najua pa kuwatafuta kwanza.

Ufuoni mambo yaliniharibikia. Nilifika saa 4 asubuhi, maji yamekupwa kabisa, na ndege wote wako mbali kwenye ukingo wa tope, nukta nyeusi zinazotetemeka ndani ya darubini. Niliandika "bata wa baharini, takriban 50, aina haijulikani." Hiyo si hesabu. Kosa ni langu: nilipanga siku kwa kalenda nikasahau mwezi.

Novemba 30

Safari hii nilikwenda na jedwali la maji. Nimefika ufuoni saa 7 mchana, saa mbili kabla ya maji kujaa. Tofauti ni kubwa mno. Maji yanapopanda yanawasogeza ndege kuelekea nchi kavu, na bata waliokuwa nukta wanakuwa na macho na midomo. Nimegundua jambo la kunisaidia msimu mzima: kwa mwendo wa siku 14, maji hujaa mapema kidogo tu kuliko mara iliyotangulia, yapata dakika 40. Hivyo kwa sehemu kubwa ya msimu nitaanza na bwawa asubuhi na ufuo utafuata baadaye, bila kukimbizana na giza. Bamvua, yaani siku za kujaa na kupwa kukubwa zaidi, itabadilisha kiasi cha tope linalobaki wazi, nami nimeweka safu yake katika daftari.

Eida 64, wengi wakiwa madume, weupe juu na weusi chini. Wanazama, wanarudi na kome, wanammeza mzimamzima na ganda lake. Kazi ya kulisaga inafanywa na firigisi. Mnandi 12 wamepanga mstari juu ya gati, mabawa wazi. Bata mkia-mrefu 5, na hao nimewaandikia ukurasa mzima.

Bata mkia-mrefu anaweza kuzama hadi mita 60. Katika Bahari ya Baltiki, ambako wengi wa upande wa Ulaya hukaa majira ya baridi, hesabu ya mwaka 1992 na 1993 ilikadiria takriban milioni 4.3. Hesabu iliyorudiwa mwaka 2007 hadi 2009 ilipata milioni 1.5. Nyavu zinazowanasa chini ya maji na mafuta yanayomwagwa na meli ni miongoni mwa yanayowaua. Tangu mwaka 2012 wamo katika orodha ya walio hatarini. Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza sikufikiria bata, nilifikiria watu waliohesabu mwaka 1992. Bila daftari lao, milioni 1.5 ingeonekana ni wingi wa kutosha.

Asubuhi bwawani, kukuziwa mmoja alitoka majini kula nyasi na nikaona ana pete ya plastiki mguuni, nyeupe yenye herufi nyeusi. Nilisoma herufi zote kwa darubini ndefu, nikazinakili, nikazisoma tena. Nimezituma kwa wasimamizi wa uvishaji pete. Kuvisha ndege pete kwa ajili ya utafiti kulianzia Denmark, mwaka 1899, pale mwalimu Hans Christian Cornelius Mortensen alipowafunga kwenzi pete za alumini zenye namba na anwani. Hizi za plastiki zina faida moja kubwa zaidi: zinasomeka ndege akiwa hai na bila kushikwa.

Desemba 14

Sahihisho. Katika kundi la kishungi niliandika bata mmoja tofauti, Aythya marila, binamu yake anayependa bahari, kwa sababu jike lile lilikuwa na weupe kuzunguka sehemu ya juu ya mdomo. Nilifurahi sana. Mama mmoja mtu mzima ambaye amehesabu bwawa hili kwa miaka mingi kuliko ninavyolijua alinikuta pale, akatazama kimya kwa muda, kisha akaniambia nitazame ncha ya mdomo na kisogo, niache weupe.

Alikuwa sahihi. Jike la kishungi linaweza kuwa na weupe huohuo. Marila ana kichwa cha mviringo kisicho na dalili ya kishungi, na weusi wa mdomo wake ni kama ukucha mdogo tu kwenye ncha. Huyu alikuwa na ncha yote nyeusi na manyoya machache yamechomoza kisogoni. Nimefuta 1 na kuandika 0 kwa marila, kishungi wakawa 31. Nimeacha mstari wa kufuta uonekane.

Kichwa-chekundu 14, madume 12 na majike 2. Usawa huo mbovu si ajabu: majike huenda kusini zaidi, madume hubaki kaskazini. Kwa hiyo kutofautisha dume na jike nako ni sehemu ya hesabu, na nimeongeza safu.

Desemba 28

Ukungu. Bwawani sikuona kisiwa. Nimeandika "haikuhesabika" katika kila mstari. Hii si sifuri.

Januari 5

Si siku ya kuhesabu, lakini nimepita. Usiku tatu mfululizo chini ya nyuzi 0, bila upepo. Bwawa limeanza kuganda kutoka kingoni. Maji matamu huwa mazito kuliko yote yakiwa nyuzi 4, kwa hiyo yaliyo baridi zaidi ya hapo hubaki juu na barafu hufunga kama kifuniko. Bwawa la kina kifupi kama hili halichukui muda. Bahari ni habari nyingine: chumvi huyafanya maji yake yasigande mpaka karibu nyuzi −1.8, tena yanasukwa na mawimbi na kupwa na kujaa. Kama swali langu lina jibu, litakuja wiki hii.

Januari 11

Nimeamka kabla ya alfajiri kwa wasiwasi wa kuchelewa, ingawa hakuna aliyekuwa ananisubiri.

Bwawa lote ni barafu isipokuwa tundu moja pale kijito kinapoingia, si kubwa kuliko chumba. Ndani yake na kuzunguka kingo zake: kichwa-kijani 94, kukuziwa 6, kijivu 2, batamaji 4. Kishungi 0. Kichwa-chekundu 0. Kibisi 0. Hesabu nyingine zote zilinichukua zaidi ya saa moja. Hii ilinichukua dakika 15, nikazunguka tena kwa sababu sikutaka kuandika sifuri tatu bila kuhakikisha. Nilitazama chini ya kila mti wa kisiwa. Sifuri.

Mtoto mmoja aliyekuwa na baba yake aliniuliza kwa nini miguu ya bata haigandi akisimama juu ya barafu. Ni swali zuri na jibu lake linapendeza. Mishipa inayoshusha damu ya moto mguuni inapita ubavuni mwa mishipa inayopandisha damu ya baridi, karibu sana. Joto linahama kutoka mshipa mmoja kwenda mwingine kabla halijafika chini. Mguu unabaki baridi, juu kidogo tu ya kuganda, na mwili haupotezi joto. Mtoto akatazama miguu ya bata, akatazama viatu vyake.

Ufuoni, maji yakijaa karibu saa 7 mchana, nilianza gatini kama kawaida na kujizuia nisikimbilie mlango wa mto. Eida 71. Mkia-mrefu 8. Jicho-dhahabu 6. Nilipofika mtoni: kishungi 38, kukuziwa 29, kichwa-chekundu 11, kibisi 3. Katika hesabu za ufuoni zilizofaulu kabla ya leo, hao wote wa mtoni walikuwa sifuri, sifuri nilizoziandika kwa mkono wangu. Nilikaa chini kwenye jiwe kwa muda.

Baada ya kutulia nimejiuliza: nimethibitisha nini? Bwawani waliondoka, mtoni wakatokea. Lakini kuna mabwawa mengine, nayo yameganda. Hawa 38 wanaweza kuwa wametoka mahali popote ndani ya mkoa mzima, au nje yake. Idadi zinakubaliana na jibu, ila haziwezi kulitoa zenyewe.

Wikiendi hii na zinazoizunguka, watu wengine wengi wako kwenye baridi kama mimi. Sensa ya Kimataifa ya Ndege wa Maji hufanywa kila Januari tangu mwaka 1967, na sasa, chini ya uratibu wa shirika la Wetlands International, inahusisha nchi zaidi ya 100. Januari imechaguliwa kwa kuwa ndege wengi wa kaskazini wametulia mahali pamoja, hawasafiri sana. Nimetuma tarakimu zangu, pamoja na sifuri.

Januari 25

Bado barafu. Bwawani kukuziwa 3 tu.

Ufuoni, kando ya mlango wa mto, kuna mteremko wa zege wa kushushia mashua. Kukuziwa kumi hivi walikuwa wamepanda juu yake kuchuma majani ya kijani yanayoota kwenye zege. Nikasogeza darubini ndefu mguu kwa mguu, kwa mazoea tu. Wa saba alikuwa na pete nyeupe.

Aligeuka, akakaa, akasimama, akaingia nyuma ya mwenzake. Sikusogea. Ndege aliye kwenye baridi kali anaishi kwa akiba ya nguvu, na kila anaporushwa bure anailipia. Nilikuwa nimejiwekea sharti kwamba hakuna pete itakayonifanya niwasogelee. Nusu saa baadaye alipanda tena na kunionyesha mguu wote. Nilisoma herufi, nikaziandika kwenye ukurasa mpya bila kufungua ule wa Novemba, ili macho yasije yakaona ninachotaka kuona. Kisha nikafungua.

Ni yeye. Yule wa bwawani, wa Novemba 30. Kilomita 9.

Februari 2

Leo ni Siku ya Ardhioevu Duniani, kumbukumbu ya mkataba uliotiwa saini Ramsar, Iran, Februari 2, 1971. Moja ya vigezo vya mkataba huo ni kwamba eneo lina umuhimu wa kimataifa likiwa na ndege wa maji 20,000 au zaidi mara kwa mara. Kingine ni kuwa na asilimia 1 ya ndege wote wa kundi fulani la aina moja. Ufuo wangu hauko karibu na 20,000. Lakini asilimia 1 ya nini? Ili kuijua, lazima mtu awe amehesabu pia fuo ndogo kama huu wangu, zenye eida 71 na kukuziwa 29.

Februari 8

Barafu inalegea. Tundu limekuwa nusu ya bwawa. Kukuziwa 19, kishungi 7.

Ufuoni nimekuta bata bukini amekufa kwenye mstari wa mwani. Sikumgusa. Nilipiga picha kutoka mbali, nikapiga simu kwa mamlaka inayoshughulikia magonjwa ya wanyama, na nikamwomba mwenye mbwa aliyekuwa anakuja amfunge kamba. Homa ya mafua ya ndege aina ya H5N1 imeua ndege wa porini wengi mno tangu mwaka 2021. Majira ya baridi ya mwaka 2021 hadi 2022, katika ghuba ya Solway peke yake, mpakani mwa Scotland na England, walikufa maelfu ya bata bukini wanaotoka visiwa vya Svalbard, kaskazini ya mbali. Nyumbani nimesugua nyayo za viatu na miguu ya darubini kwa maji na sabuni. Tangu leo nina viatu vya bwawani na viatu vya ufuoni, visichanganyike.

Februari 22

Bwawa liko wazi lote. Kukuziwa 44, kishungi 27, kichwa-chekundu 10. Mtoni: kukuziwa 2, kishungi 0, kichwa-chekundu 0.

Majibu ya pete yamekuja. Kukuziwa huyo alivishwa pete katika bustani hiihii, miaka mitatu iliyopita, akiwa mkubwa tayari. Kwa hiyo kwa ndege mmoja swali langu limejibiwa kikamilifu, na kwa waliobaki nina tarakimu zilizopanda huku na kushuka kule kwa wakati mmoja, mara mbili, kwenda na kurudi. Sitaki kuzidisha. Kukuziwa mmoja si kishungi 38. Mwakani nataka mwenzangu ahesabu bwawa la pili siku hiyohiyo.

Ufuoni jicho-dhahabu 9, na madume yameanza. Dume linatupa kichwa nyuma mpaka kiguse mgongo, mdomo ukielekea juu, kisha linarusha maji kwa miguu. Lingine linajibu. Majike yanaelea kana kwamba hayaoni. Waliporuka nilisikia mabawa yakipiga mluzi hewani, mluzi uliodumu hata walipokuwa wameshapotea machoni.

Machi 8

Kichwa-chekundu 2. Mkia-mrefu 0. Wanaondoka. Wiki hii nimepita bwawani jioni mara mbili bila daftari, kwa kuwaangalia tu.

Machi 22

Hesabu ya mwisho. Bwawani: kichwa-kijani 58, wengi wawili wawili, na majike mengine yameshaingia kwenye nyasi ndefu za kisiwa. Kukuziwa 30, nao hawavumiliani tena. Wanafukuzana kwa kukimbia juu ya maji. Kishungi 12. Kichwa-chekundu 0. Kijivu 4. Batamaji 2, wale wengine wamefukuzwa. Kibisi 2. Ufuoni: eida 40, mnandi 15, mengine yote sifuri, na nimeziandika moja moja.

Saa 2 na dakika 40 asubuhi, ukingo wa kaskazini wa bwawa, kukuziwa mwenye pete nyeupe. Ana mwenzake asiye na pete. Alikuwa amebeba utete mrefu kuliko mwili wake, anaupeleka chini ya matawi yaliyoinamia maji, anarudi, anachukua mwingine. Nilimhesabia safari 11, kisha nikahamia kituo kinachofuata, kwa sababu muda wa kituo hicho ulikuwa umekwisha.